Fundi wa Gofu wa Chake Chake

Mie si mtu wa kumpenda mtu mara ya kwanza kumwona, na Fundi sikumpenda hata mara ya pili. Mara ya kwanza alinifanya nionekane mjinga mbele ya walimu wenzangu watatu, wote tumevaa suruali zilizopigwa pasi mpaka zinasimama peke yake. Mara ya pili alinifanya vile vile, ila safari hiyo nilikwenda peke yangu, kwa hiari yangu, tena mbio.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mjini Chake Chake alikuwa Fundi, na ukisema Fundi bila ya kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani, ingawa mafundi walijaa tele. Kazaliwa wapi, babu yake nani, mikarafuu mingapi aliachiwa na nani, hayo waulizwe wenye kazi hiyo. Mie nataka kumwandika nilivyomjua kwa miaka kama mitano, mwisho wa miaka ya hamsini na mwanzo wa sitini, kwa sababu bila ya yeye leo nisingekuwa mwalimu mstaafu. Ningekuwa karani mstaafu, tena karani mbovu.

Asubuhi alikuwa seremala wa karakana ya serikali. Saa moja yuko pale, saa nane anatoka, na katikati ya saa hizo katengeneza madawati ya skuli, milango ya ofisi na majeneza ya maiti wa hospitali wasio na jamaa. Baada ya Alasiri alikuwa kwenye uwanja wa gofu wa Wazungu, juu ya kilima, nje kidogo ya mji. Uwanja wenyewe usiufikirie makubwa. Mashimo tisa, majani yanayokatwa kwa mundu, na kuzunguka kila shimo, badala ya majani laini, duara la mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya gari ili upepo usiupeperushe. Msimu wa karafuu watu walitandika majamvi yao ya karafuu mpaka ukingoni mwa uwanja, na mpira ukiingia kwenye karafuu Mzungu alikuwa hana ruhusa ya kuupiga. Aliuokota kwa adabu, akaomba radhi kwa mwenye jamvi, akarudi nyuma. Sheria hiyo aliiweka Fundi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kaitoa wapi.

Gofu aliipata kupitia mbao. Fimbo za Wazungu zilivunjika, zikaletwa karakana, na yeye akawa anazitia mipini ya mpera, kwa kuwa mpera haukatiki ovyo. Lakini Fundi alikuwa hawezi kurudisha kitu kabla ya kukijaribu. Mlango aliufungua na kuufunga mara kumi, dawati alilikalia, na fimbo aliipiga. Akajaribu na kujaribu, mpaka siku moja katibu wa klabu, daktari mmoja wa Kizungu mwenye miguu mirefu, akamkuta anaupeleka mpira mbali kuliko yeye mwenyewe daktari. Wazungu wengine wangekasirika. Yule alicheka, akamwambia aje kila jioni.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Nilikuwa mwalimu mdogo, nina mwaka mmoja na kitu kazini. Jioni moja tulipanda kilimani kwenda kuwacheka watu wazima wanaofukuza kijipira. Fundi alikuwa anamfundisha karani wa posta. Mie nikasema kwa sauti, ili nisikike, "Hii nayo kazi ya kufundishwa? Kupiga kitu kilicholala?"

Hakukasirika. Akanipa fimbo. "Karibu, Mwalimu. Kimelala hicho, kiamshe."

Nilikosa mara kumi na moja. Wenzangu walihesabu kwa pamoja, kama watoto wanavyosoma jedwali. Mara ya kumi na mbili fimbo ikachimba udongo ukaniingia kinywani. Wenzangu walikuwa hoi, wamekaa chini. Fundi peke yake hakucheka. Alinitazama, kisha akasema, "Unaitazama fimbo. Tazama mpira." Basi. Hakuongeza neno. Mara ya kumi na tatu mpira uliondoka, haukufika mbali, lakini uliondoka. Yeye akasema, "Si vibaya," akamgeukia karani wake wa posta.

Nilishuka kilima nikiwa nimekasirika na nimefurahi, na sikujua lipi ni lipi.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, nami ilinichukua muda mrefu kuiona kuwa ni njia. Siku moja, neno moja. Ukimuuliza la pili alikuwa anakwambia, "La kesho hilo." Sifa alikuwa nazo mbili tu. "Si vibaya" ilikuwa sifa ya kawaida. "Hapo sasa" ilikuwa ya sikukuu. Mie nilipoambiwa "Hapo sasa" kwa mara ya kwanza, baada ya miezi minne, nilikwenda nyumbani naimba njia nzima, na mama akaniuliza kama nimepata mchumba.

Usidhani alikuwa malaika. Kwa mwanafunzi alikuwa na subira isiyo na mwisho, kwa mbao alikuwa hana hata kidogo. Alizigombeza. "Haya, pinda basi, pinda tukuone!" Aliyemwazima randa bila ya kumuuliza hakuitikiwa salamu mwezi mzima, na mwezi aliuhesabu. Nyumbani alikuwa mtu wa kununa chai ikipoa. Mkewe, mama mcheshi aliyekuwa akizungumza nasi kutoka nyuma ya pazia, alikuwa akisema, "Uvumilivu wote kauacha kilimani kwa Wazungu, kuno kwetu kaja na kofia tu."

Na jambo moja lilinitatiza sana. Mtu huyu alichukia udanganyifu. Karani wa posta aliwahi kuusogeza mpira wake kwa ncha ya kiatu, Fundi akakunja vifaa, somo likaisha, asikae naye wiki mbili. Lakini yeye mwenyewe akicheza na bwana mkubwa wa karakana, Mzungu mfupi mwepesi wa kununa, alikuwa anakosa mashimo ambayo kuku angeyapata. Siku moja nikamkabili.

"Fundi, mpira ule hata mie ningeutia."

"Weye ungeutia," akasema, "kwa kuwa weye humuombi ruhusa yule."

Ruhusa ya nini? Hapo ndipo nilipojua habari ya cheti.

Chama cha walimu wa gofu cha huko bara kilikuwa kinamleta mtahini Unguja mara moja kwa mwaka. Anayefaulu anapewa cheti, na mwenye cheti peke yake ndiye anayeruhusiwa kuitwa mwalimu na kufundisha kwa idhini ya klabu. Fundi alikuwa anafundisha kwa huruma ya daktari. Daktari alikuwa amebakiwa na miaka michache ya kukaa Pemba, na baadhi ya wanachama walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba seremala hana haki ya kumshika Mzungu mkono na kumwambia hivi sivyo. Daktari akiondoka, na Fundi ataondoshwa. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu: kucheza, kutengeneza fimbo, na kufundisha pamoja na maswali ya mdomo, kwa Kiingereza. Na anayeanguka mara mbili harudi tena maisha yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao.

"Kucheza naweza," aliniambia. "Kutengeneza, wao ndio waje kwangu. Kiingereza ndicho kinachonikaba. Weye mwalimu wa skuli. Nisaidie."

Nilijaa kichwa. Nilimwambia ndiyo kabla hajamaliza.

Lakini Kiingereza hakikuwa shida yake ya kwanza. Shida ya kwanza ilikuwa mikono. Fundi alijifunza peke yake, kwa kutazama kwa mbali, na alishika fimbo kama kila mtu wa kwetu aliyejifunza peke yake alivyoishika: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini yake. Wazungu hushika kinyume. Daktari alishamwambia zamani, naye alikuwa akijibu, "Bwana, mkono wa kushoto upande juu ya wa kulia? Adabu gani hiyo?" Na si yeye tu. Karani wa posta, mpishi wa klabu, mie mwenyewe, sote tulishika vile bila ya kuambiwa na mtu. Katika Sala wa kulia hukaa juu. Kupokea kwa wa kulia, kutoa kwa wa kulia, kula kwa wa kulia. Mkono uliozoea kutangulia hauwezi kuambiwa leo ukae chini ya ule wa haja.

Kwa kushika huko huko alikuwa anawashinda wote. Lakini mtahini hangekubali. Mwalimu lazima aonyeshe mshiko unaotambuliwa. Basi mtu aliyekuwa bingwa wa kilima kile akaanza upya, na kwa miezi minane alicheza vibaya kuliko mie. Mpira ulikwenda msituni, ulikwenda kwenye karafuu, mara moja ulikwenda nyuma yake, na mpaka leo sijui iliwezekanaje. Mpishi wa klabu akamshinda. Mpishi yule hakunyamaza. Asubuhi yake soko zima la Chake lilikuwa na habari. Na Fundi kaenda sokoni siku hiyo hiyo kununua samaki, kasimama, kasikiliza hadithi mpaka mwisho, halafu kasema, "Umesahau kuwaambia kuwa shimo la saba niliupoteza mpira kabisa." Watu wakabaki kumcheka mpishi.

Nilimuuliza kama haoni haya. Alikuwa anapiga msasa mpini.

"Naona," akasema. "Sana. Lakini mwanafunzi akiniona mie nakosa, yeye hatoogopa kukosa."

Mie nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini, na bakora yangu nilikuwa nimeipaka mafuta ili isikatike. Neno lile lilinipita juu ya kichwa.

Mikono alikuja kuifungua mkewe. Ilikuwa kuna shughuli ya jirani, na bokoboko, ule uji mzito wa ngano na nyama, lilikuwa linapikwa uani kwake, chungu kikubwa, linasongwa kwa mwiko mrefu wa mikono miwili. Tumekaa barazani, Fundi ananieleza kwa mara ya mia kwamba mwili wake unakataa kuuweka wa kushoto juu. Sauti ikatoka ndani.

"Baba weye, hebu njoo unisongee, mie mikono imechoka, uache kulialia."

Akaingia. Nikasikia mwiko unagonga chungu. Kisha nikamsikia mama, "Wee! Unashika hivyo kwa nini? Chakula kiko wapi?"

"Chini."

"Na chakula unakilia kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi wa kulia uwe karibu na chakula. Huo wa kushoto ukae huko nyuma, ushike tu."

Fundi akatoka mbio na mwiko mkononi, bokoboko linamdondoka kwenye kanzu, akasimama katikati ya njia, akaubembea. Wa kushoto ulikuwa juu. Hakuuona tena kuwa uko juu; aliuona kuwa uko nyuma. Wa kulia ndio uliokuwa mbele, karibu na kazi. Akabembea mara ya pili na ya tatu, jirani wanamtazama, mkewe nyuma ya pazia anapiga kelele arudishiwe mwiko wake. Kuanzia siku hiyo mwili wake haukukataa tena, na kila mtu wa kwetu aliyekuja kujifunza kwake alianziwa na neno hilo: mkono wa kula ukae karibu na chakula.

Sasa nakuja kwenye sehemu yangu, na natamani ningekuwa naisimulia ya mtu mwingine.

Mie kufundisha nilikujua kwa namna moja tu, ile niliyofundishwa: sema, rudia, kariri, ukikosea uchapwe. Fundi nisingeweza kumchapa, lakini yaliyobaki niliyafanya yote. Daktari alitupatia kijitabu cha gofu. Nikakaa nacho, nikatunga maswali arubaini na majibu arubaini kwa Kiingereza safi, nikamkaririsha jioni baada ya jioni. Maneno mengi hakujua maana yake. Nikamwambia maana si lazima, tamka tu. Alinitii. Mtu wa umri wa baba yangu mdogo, mikono imejaa makovu ya patasi, ananisomea kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani, na mie nimekunja nne, namsahihisha. Akichelewa nilipiga ulimi. Akaja kuyajua yote arubaini kwa mfululizo, bila ya kukosa hata moja, nami nikajiona nimeshika nyota.

Na wakati huo huo, skuli mambo yangu yalikuwa mabaya. Mwalimu mkuu alikuwa ameniita ofisini akaniambia kuwa darasa langu ndilo la mwisho, watoto wananikimbia, na mkaguzi akija akikuta hali ile ile, mie basi. Nikaandika barua ya kuacha kazi kabla sijaachishwa. Nikapanga niende Mkoani nikatafute ukarani bandarini. Barua niliiweka mfukoni nikizunguka nayo siku na siku, na mtu wa pekee niliyemwonyesha ni Fundi. Aliishika, akaigeuza, kusoma vizuri alikuwa hawezi, akanirudishia. "Nipeleke mtihani kwanza," akasema.

Bwana wa karakana, baada ya kuachiwa ashinde michezo mingi, alitoa ruhusa ya safari. Fundi akapanda meli Mkoani, akakaa Unguja siku nne, akarudi.

Kucheza alifaulu. Kutengeneza fimbo, mtahini aliomba aonyeshwe tena ili ajifunze. Maswali akaanguka.

Alitusimulia karakana, mchana, mafundi wote wamekaa juu ya mbao. Mtahini hakuuliza kwa mfululizo. Alianza katikati, akarudi nyuma, akaruka. Akauliza, "Mwanafunzi akiwa anauogopa mpira, utafanya nini?" Na Fundi, kwa Kiingereza safi kabisa, akajibu, "Utamwosha kwa maji ya vuguvugu, utamkausha kwa kitambaa, kisha utampaka mafuta." Hilo lilikuwa jibu la usafi wa mipini. Mafundi walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye rundo la mbao. Fundi naye alicheka.

Mie sikucheka. Mie nilijua. Jibu lile nililitunga mie, la kumi na saba, na maana yake sikumpa. Watu walipotawanyika nikamwambia, "Fundi, mie sifai kufundisha."

"Ah!" akasema. "Kosa langu mie. Kichwa changu kizito hichi, kishazoea mbao. Umefundisha vizuri."

Na mie, mwoga mkubwa, nikalipokea neno lile. Nililihitaji, nikalichukua, nikalifunga kibindoni. Sikumwambia kuwa si kweli.

"Tuanze tena lini?" akauliza.

Jioni ile nilipanda kilimani, nikakaa mbali, nikamtazama anavyofundisha. Alikuwa na mwanafunzi mpya, Mwarabu mmoja wa Ole, mzee wa makamo, mwenye mikono mizito ya mtu aliyezoea jembe. Mzee alikosa na kukosa. Fundi alizunguka upande wa pili, akatazama miguu, akatazama mabega, akarudi. Nikaelewa kuwa anatafuta kitu kimoja. Katika makosa kumi aliyokuwa nayo yule mzee, anatafuta lile moja ambalo likiondoka mengine yatalifuata. Na alipolipata akalisema kwa maneno manne, mzee akapiga, mpira ukaenda. Mie darasani nilikuwa nawaambia watoto makosa yao yote kumi kwa pamoja, kwa kelele, na bakora juu.

Kesho yake nikaja kwake bila ya kijitabu.

"Safari hii hukariri kitu," nikamwambia. "Nifundishe mie. Kwa Kiingereza. Mie ni Mzungu mpumbavu nimeshuka melini leo, sijui kitu."

"Kiingereza changu kibovu."

"Kibovu hicho hicho."

Mwaka mzima tulifanya hivyo, kila jioni alipopata nafasi baada ya karakana. Neno analolikosa nampa, moja tu, na analitumia pale pale, mkono wake juu ya mkono wangu. Nilikosa kwa makusudi, na mara nyingi nilikosa bila ya makusudi. Kiingereza chake kikawa cha vipande vipande, lakini kila kipande kilikuwa chake. Na mie, bila ya mtu kuniambia, nikaanza kuingia darasani na neno moja kwa siku. Bakora niliisahau siku moja, siku ya pili nikaiacha nyumbani. Kulikuwa na mtoto mmoja wa Mgogoni aliyekuwa hajanijibu swali tangu mwaka uanze. Siku aliyonyanyua mkono nikamwambia, "Hapo sasa," nikageuka haraka ubaoni ili watoto wasinione macho.

Mkaguzi alikuja. Alikaa nyuma saa nzima. Akaandika kuwa mwalimu huyu apelekwe Unguja akasomee ualimu sawasawa. Barua ya kuacha kazi niliichana.

Fundi naye akaenda kwa mara yake ya pili na ya mwisho. Siku zile nne sikula vizuri. Nilimwombea kwenye kila Sala, na mkewe alisoma Kurani mpaka sauti ikamkauka. Daktari ndiye aliyeletewa habari kwanza. Mtahini alimuuliza Fundi kosa gani analoliona zaidi kwa wanafunzi wake, na analirekebisha vipi. Fundi akasimama, akaomba fimbo, akasema kwa Kiingereza chake kibovu kwamba watu wa kwao wanaheshimu sana mkono wa kulia, kwa hiyo wanauweka juu, na yeye hawaambii kuwa wamekosea. Anawauliza chakula kiko wapi. Mtahini, alivyosema daktari, aliweka kalamu chini. Akamwomba amfundishe yeye, kama kwamba hajui, na Fundi akamfundisha nusu saa.

Cheti kilikuja kwa posta. Mkewe alikitia kwenye fremu aliyoitengeneza Fundi mwenyewe, na alimsumbua Fundi airudie mara tatu, ati imepinda.

Mie nikaenda Unguja chuoni. Siku niliyorudi, na cheti changu ndani ya sanduku, nilishuka Mkoani asubuhi, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Fundi amesimama na baiskeli yake, kaja kupokea kasha la mipira. Kazeeka kidogo. Daktari alikuwa ameshaondoka, Wazungu wamepungua, na upande mmoja wa uwanja watu wameshatia mihogo. Yeye bado asubuhi karakana na jioni kilimani, anafundisha makarani, walimu, na wazee wa Ole. Tukakaa mgahawani. Nikamwonyesha cheti changu. Akakishika kwa mikono miwili, akakitazama, akasema, "Hapo sasa."

Nikashindwa kuvumilia.

"Fundi," nikamwambia, "ile mara ya kwanza hukuanguka weye. Mie ndiye niliyekuangusha. Nilikukaririsha kama kasuku. Ukasema kichwa chako kizito, na mie nikanyamaza, na hakikuwa kizito. Miaka yote hii nimenyamaza. Nisamehe."

Akakoroga chai yake, ingawa sukari ilishayeyuka zamani.

"Najua," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu mle ndani, Mwalimu. Mzungu anauliza, mie najibu, na kuno najisikia kuwa hili sivyo. Nikasema, ah, huyu kijana kanifundisha maneno, hakunifundisha kitu."

"Sasa mbona hukunambia? Ulikuwa umebakiwa na nafasi moja! Mbona ulirudi kwangu, na Chake nzima ilikuwa na walimu?"

"Ile barua ilikuwa mfukoni mwako," akasema Fundi. "Ningekwambia, ungeipeleka siku ile ile. Mie nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja. Weye sikuona kama umebakiwa na hata hiyo."

Nililia pale pale, mtu mzima, wachukuzi wa bandarini wanatazama. Fundi aliinua mkono akaagiza chai nyengine mbili, kisha akanisogezea mkate.